Kutoka Ngarenaro hadi chuo kikuu: kazi inayoanza kidato cha tatu

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Ngarenaro, Arusha

Wazazi wangu, walimu, na ninyi vijana mliojibana pale nyuma, karibuni. Najua kina mama mmeacha meza zenu katika masoko ya Kilombero na Samunge siku ya Jumamosi, siku ya mauzo, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Tuliwaomba kila mmoja aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti chake chochote cha shule. Vitoeni mvishike mkononi, tutavihitaji.

Vijana wa Unga Limited, Daraja Mbili, Sombetini na hapa kwetu wanaofaulu kidato cha sita kisha wasifike chuo, au wafike na kurudi nyumbani kabla mwaka haujaisha, wengi hawakuangushwa na somo. Waliangushwa na herufi moja ya jina, na ujumbe wa simu ulioingia kwenye laini iliyokwishapotea, na wiki za kwanza za chuo bila hela ya kula. Ada ya shule za serikali ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Watoto wetu wanafika mlangoni wengi kuliko zamani. Kinachowakwamisha ni vitu vya mlangoni, na vitu hivyo mzazi anayeuza ndizi anaviweza kabisa, akivijua mapema.

Tuanze na jina. Tazama cheti cha kuzaliwa, kisha cha shule. Huku kimeandikwa Laizer, kule Laiza. Huku Mollel, kule Moleli. Huku majina matatu, kule mawili. Jina aliloandikishwa mtoto shule ya msingi humfuata mpaka kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne, na likishachapwa na Baraza la Mitihani kwenye cheti, kulibadili ni kazi ngumu. Bodi ya Mikopo nayo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yasipolingana, maombi yanasimama. Wakati mzuri wa kurekebisha ni sasa, mtoto akiwa kidato cha tatu, kabla shule haijatuma majina ya usajili. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, nendeni kwa msajili, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kosa likiwa shuleni, mkuu wa shule ndiye wa kumwona. Na kama mtihani umeshafanyika, kilichobaki ni hati ya kiapo ya majina, ambayo mtoto atatembea nayo kila aendako.

Asiye na cheti kabisa, na hapa mjini ni wengi, maana mtoto alizaliwa nyumbani au tangazo la uzazi lilipotea katika kuhamahama kwa kupanga, akusanye kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji. Usajili wa waliochelewa unachukua muda. Usiuanze mwezi ambao dirisha la mkopo limefunguliwa, kwa sababu mwezi huo kila mtu nchini anahakikisha vyeti na foleni ni ndefu. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo kwa njia hiyo hiyo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi kuthibitisha uyatima. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa kusaidia kaya maskini, itunze namba yake, maana inaulizwa kwenye fomu na inasaidia kuonyesha uhitaji.

Sasa chaguo la masomo, na hapa nitasema jambo ambalo wazazi wengine hawalipendi. Kidato cha tano siyo njia pekee, na kwa baadhi ya watoto siyo njia nzuri. Ili kudahiliwa shahada kutoka kidato cha sita, kwa kawaida TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, ule mchanganyiko wa masomo anaochagua mtoto kidato cha tano, jumla isipungue pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hesabuni wenyewe: D mbili zinafika. C na E zinafika. D na E ni 3, zimepungua. Na hicho ni kima cha chini tu, kozi nyingine zinataka zaidi. Udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia zote, kila moja isiwe chini ya D, jumla pointi 6. Mtoto aliyepata D ya hesabu kidato cha nne, akaenda PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwa sababu jirani amesema uhandisi una hela, anaweza kukaa miaka miwili akatoka na E mbili. Mtoto huyo huyo angeingia chuo cha ufundi, kama Chuo cha Ufundi Arusha hapo mjini, kwa kutimiza ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa, akasoma NTA, ngazi za tuzo za ufundi, ya 4 hadi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, kwa miaka mitatu. Akimaliza na wastani wa GPA 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada, na mkononi tayari ana stashahada ya kutafutia kazi. Tangu 2023/24 mikopo ya serikali imeanza kutolewa pia kwa stashahada za fani kadhaa. Mwalimu, ukiona matokeo ya kidato cha nne yamekataa tahasusi aliyojaza, mwite yeye na mzazi wake mara dirisha la kubadili machaguo linapofunguliwa. Dirisha hilo halingoji.

Sitakaa sana kwenye kusoma kwenyewe, walimu mnalijua. Niseme mawili tu. Chumba kimoja chenye watu sita na redio ya jirani hakifai kusomea jioni. Alfajiri kinafaa. Saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu, watu wamelala, ni saa moja na nusu kila siku, na mzazi asimtume dukani wala asimpe ndoo ya maji katika muda huo. La pili ni Kiingereza cha kusoma. Chuoni mwanafunzi anaweza kupewa hata kurasa 30 za kusoma kwa wiki katika somo moja, na hakuna atakayemwandikia notisi ubaoni. Anayeanza kidato cha tatu kusoma kurasa mbili kila siku na kuzifupisha kwa mistari mitano ya maneno yake mwenyewe atafika akiwa amezoea. Anayekariri notisi za mwalimu hatafika hivyo, hata akiwa na daraja la kwanza.

Turudi kwenye karatasi, maana bado hatujamaliza nazo. Mtihani wa kidato cha sita huwa Mei, matokeo hutoka karibu na Julai. Katikati hapo vijana wengi huitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, na wakati huo huo maombi ya mkopo na ya chuo yanapita. Kijana yuko kambini, simu haishiki anapotaka. Kwa hiyo kabla hajaondoka, yafuatayo yawe tayari nyumbani: picha za pasipoti za mwombaji na za mdhamini, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, vyeti vilivyohakikiwa, akaunti ya benki yenye jina lake kama lilivyo kwenye cheti, na daftari lenye barua pepe yake, nywila zake na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyo ya kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha kila mahali. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na wengi wanakosea hapa: wanaombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, kisha mifumo miwili haimwoni kuwa mtu mmoja. Atumie moja, kote.

Ada ya kuombea mkopo ni shilingi 30,000. Fomu ikishachapwa inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa, na hakimu au kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Zinazorudishwa nyingi zina kasoro ndogo: muhuri haupo, mdhamini hakusaini, picha ya ukurasa imefifia haisomeki. Mwende steshenari kwa kuchapa na kuskani, sawa, lakini msimwachie mtu wa steshenari afungue akaunti kwa barua pepe yake na simu yake. Anahudumia watu wengi kwa siku, na mwezi wa tisa hatakumbuka nywila yenu.

Udahili ukitoka, kijana aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi anatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Asipothibitisha ndani ya siku zilizotajwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana laini ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe ya mtu asiyebadili laini, na iwe na chaji. Mkopo ukitoka pungufu au usipotoka, kuna dirisha la rufaa. Rufaa inahitaji vielelezo vipya. Kurudia maneno yale yale hakubadilishi kitu.

Sasa fedha. Mkopo hauanzi siku ya kwanza. Kijana anasafiri, anajisajili, anasaini, ndipo boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, inaingia, na wiki zinaweza kupita. Kabla ya hapo anatakiwa kulipa vitu ambavyo mkopo haugusi: bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ada ya TCU ya 20,000, michango mingine ya usajili, godoro, chumba na chakula. Mkopo wa ada nao haulipi kila mara yote. Mzazi anayeweka shilingi 1,000 siku sita za wiki tangu mtoto anapoanza kidato cha tano, hata akikosa wiki nyingine akaweka wiki 87 tu, atakuwa na 522,000 wakati wa kuondoka. Iwekeni kwenye kikoba chenye tarehe ya kugawana Septemba. Mkigawana Desemba, chuo kimeshaanza.

Boom ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia 2022/23. Awamu ya siku 60 ni 600,000, na kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili anaiona ni mali. Afanye hivi siku hiyo hiyo: atoe kodi ya chumba, tuseme 100,000, na 50,000 ya kuchapa na kurudufu. Zimebaki 450,000. Azigawe kwa wiki kumi, ingawa siku 60 hazifiki wiki tisa, kwa sababu awamu inayofuata huchelewa. Ni 45,000 kwa wiki. Wazazi, nawaomba kwa heshima: msimpigie simu ya kodi ya nyumbani mwezi wa kwanza. Najua hali. Lakini hela hiyo ni deni lake, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Na atakayekuwa na njaa wiki ya nane ni yeye, majaribio yakiwa yamewadia.

Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na kazi za muhula zinaanza wiki ya nne au ya tano, wakati kijana wetu bado anatafuta chumba. Hapo ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapozaliwa. Wastani wa mwaka ukishuka chini ya kima cha chuo anakula disko, yaani anaondolewa chuoni, na mkopo unakatika naye. Anayepata chuo hapa hapa Arusha na kulala nyumbani anaokoa kodi, ila hatari yake ni nyingine: nyumbani wanamwona bado yupo, anaachiwa meza ya biashara asubuhi ya kipindi. Ratiba yake ibandikwe ukutani, na familia nzima iisome.

Basi, shikeni vile vyeti. Linganisheni jina herufi kwa herufi, la mtoto na la mzazi pia, na tarehe ya kuzaliwa. Mwenye tofauti yoyote aje meza ya kushoto kwa walimu, asiye na cheti aje kwangu.