Pwani Yenye Dhoruba kwa Rangi za Maji: Tumfuate Turner

Karibuni tena mezani. Leo bahari imechafuka! Tunamfuata J.M.W. Turner, Mwingereza aliyezaliwa 1775 na kufariki 1851, na kwangu mimi hakuna mchoraji aliyeijua dhoruba kumshinda. Sogeeni muione hii: "Longships Lighthouse, Land's End", aliichora kati ya 1834 na 1835, na leo iko makumbusho ya Getty, Los Angeles. Oneni mnara wa taa ulivyo mdogo kule nyuma, unakaribia kumezwa. Wengi wetu mnara tungeuweka katikati, mkubwa. Yeye karatasi karibu yote kaipa bahari.

Karatasi yetu ni ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ndizo ninazouza, anayetaka aniandikie. Nyepesi itachanika, mtaona kwa nini. Bandika kingo kwa tepu, lowesha yote kwa sponji. Haya, hayo mnayajua.

Rangi tatu tu: nili, kahawia, na njano ya udongo. Buluu ile ya kadi za posta weka mbali, maji ya dhoruba karibu na miamba yamebeba mchanga. Anza angani, kona ya juu kushoto, mkono uende mshazari, kisha teremka hadi baharini bila kusimama. Mstari wa upeo usiuchore. Upepo ukiwa mkali vile, anga na maji havitenganishiki.

Sasa brashi chini. Chini kabisa! Povu tutalikwaruza, na hapa ndipo kazi nyingi mnazonitumia huharibika. Inamisha kichwa, tazama karatasi kwa ubavu. Inang'aa? Usiguse. Ukikwaruza ikiwa inang'aa, rangi inatiririkia kwenye mkwaruzo na unapata mstari mweusi badala ya mweupe. Ngoja mng'ao ufe, lakini ukigusa kwa mgongo wa kidole usikie ubaridi.

Tukingoja: mwaka 1818 Turner alikuwa mgeni wa Walter Fawkes huko Farnley Hall, Yorkshire. Mtoto wa mwenye nyumba alikaa naye akitazama. Turner alimwaga rangi mbichi mpaka karatasi ikashiba, kisha akaikwaruza kama mwenda wazimu, bahari akiichana kwa ukucha wa kidole gumba. Chakula cha mchana kilipofika, manowari nzima ilikuwa imetoke... jamani, kona ya kulia! Imeshakauka. Ni feni hii. Naizima. Kona hiyo iacheni, tutaifuata kwa wembe. Kushoto, sasa hivi!

Kadi ya zamani ya benki, ilaze kidogo, sukuma rangi kufuata upepo. Mnaona weupe unavyofunguka? Tena. Fupi, fupi, zisilingane urefu. Hapa chini bado panang'aa, naparuka. Nasema tena: ikingʼaa, usiguse.

Haya, sasa yote imekauka. Ncha ya wembe, juu juu tu, kwa matone yanayoruka mwambani, pamoja na ile kona yetu. Mwamba wenyewe nili na kahawia nzito, brashi kavu. Mnara uwe wa mwisho: mpako mmoja wa kijivu hafifu, na pale penye taa unyonye rangi kwa brashi safi yenye unyevu.

Tepu ibandue kesho, ukiivuta kuelekea nje.