Bunge Likifunga, Mfuateni Nyumbani

Asante mwenyekiti. Itifaki zote zizingatiwe, tuendelee, maana nimepewa dakika ishirini na salamu zimeshakula tatu.

Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, Naalya, Najjera, Bweyogerere, mitaa yetu yote hii ya pembeni ya Kampala, na nitalisema mpaka lifanyike. Wakati wa kumwona mbunge kuhusu mtaro wenu ni Bunge linapokuwa likizo. Si wakati wa kampeni. Kwenye kampeni kila mtu huahidiwa, hata aliyekwisha kuhama. Wala si Juni, bajeti inaposomwa redioni ninyi ndipo mnakasirika. Juni mambo yamekwisha. Hapa Uganda, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 inataka waraka wa mwelekeo wa bajeti ufike Bungeni kabla ya Desemba 31 kupita, Bunge liupitishe kufikia Februari 1, bajeti yenyewe iletwe kufikia Aprili 1 na iidhinishwe kufikia Mei 31. Sasa niambieni, Krismasi mbunge yuko wapi? Yuko hapahapa jimboni, anapita na gari lake mnampungia mkono!

Nirudie ile ya mtaa mmoja. Siutaji, wenyewe wamo humu na wameshaanza kucheka. Walipata miadi nyumbani kwa mheshimiwa, mwanzoni mwa Januari. Hoja yao ilikuwa moja tu: kalavati limeziba, mvua ikinyesha maji yanarudi hadi sebuleni kwa watu. Wakaenda takisi nzima, imejaa mpaka mlangoni. Mimi nilialikwa kama mshauri, nikakaa pembeni. Chai ikaletwa, mandazi yakaletwa, mheshimiwa akauliza, "Haya wazee wangu, habari za huko?" Mzee wa kwanza akamshukuru kwa kufika msibani. Wa pili akatoa kadi ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya mpwa wake. Mama mmoja akakumbushia karo aliyoahidiwa. Kijana wa boda akaomba pikipiki ya chama chao. Wa kanisani akaomba mabati, na wa msikitini, asije akaonekana mnyonge, akaomba zulia. Msaidizi wa mheshimiwa alikuwa akiingia chumba cha ndani na kutoka, kila mara na bahasha. Watu wameshasimama, wanatafuta viatu vyao mlangoni, ndipo katibu akakumbuka: "Mheshimiwa, kuna na kalavati..." Mheshimiwa akasema, "Mngeniambia mapema." Na mheshimiwa alikuwa na gari jingine la watu likimsubiri nje. Mvua za Machi zikaja, maji yakaingia sebuleni kama kawaida. Kwanjula ilifana sana, lakini.

Mtaniambia ni wabunge wenyewe waliotuzoesha noti. Kweli. Ila aliyekuchangia mazishi anajua mmemalizana. Ukimfuata tena na kalavati anakuona huna shukrani, na bahasha, ukipiga hesabu, ni rahisi kwake kuliko kubanana na waziri kwenye kamati.

Mwingine atasema mbunge hajengi barabara, hizi za mtaani ni za manispaa. Sawa, hajengi. Lakini sehemu kubwa ya fedha za manispaa hutoka serikali kuu, na mgao huo unapita mikononi mwake. Ila msimtume vibaya. Nimesikia watu wakimwambia mbunge "tuletee mswada tupewe fedha". Kifungu cha 93 cha Katiba kinazuia Bunge kuendelea na mswada wa kutoza kodi au wa kuutwisha Mfuko Mkuu wa fedha za serikali gharama, isipokuwa umeletwa kwa niaba ya serikali. Anachoweza ni kuhoji kwenye kamati, kumbana waziri, na kuwasilisha ombi lenu rasmi. Hilo halijipeleki lenyewe Bungeni, lazima awepo mbunge wa kulisimamisha.

Na kuna mzee hapa huniuliza kila mkutano: tukipiga kelele, hawatatukumbuka na kodi ya majengo? Mzee wangu, tangu marekebisho ya 2006, nyumba ambayo mwenyewe anaishi haitozwi kodi hiyo. Vile vyumba kimoja kimoja mlivyojenga nyuma mkapangisha, mnavyoviita mizigo, ni habari nyingine. Nawaona mnaotazama chini.

Kwa hiyo mnakwenda na nini? Karatasi moja. Si faili. Iwe na jina la barabara, picha ya kalavati lenyewe maji yakiwa yamejaa, na tarehe ya picha. Iwe na makisio ya mhandisi wa manispaa, kwa shilingi. Makisio ya shemeji yenu fundi hayatoshi. Sahihi za wenye nyumba na za wapangaji, maana maji hayaulizi hati, na muhuri wa LC1, baraza la mtaa wenu. Waende watu wanne, azungumze mmoja. Chai mnywe, bahasha mzikatae, hata kama mnazihitaji. Mwombeni aseme ni kamati gani ataiuliza na lini, kisha nakala mwachieni msaidizi, kwa sababu ndiye anayesoma.

Nilitaka pia... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka: mna wabunge wawili, si mmoja. Mbunge mwanamke wa wilaya ni wenu pia, na hakuna anayemwandikia. Diwani apewe nakala, asije akasema amerukwa. Wa maghorofa, sheria ya kondominiamu ya 2001, ile ya kumiliki fleti mojamoja, inawapa wenye fleti chombo cha pamoja chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa, kitumieni. La waliojenga kwenye kinamasi litahitaji siku yake, na polisi mlangoni.

Katibu, kabla ya soda: nani anakwenda kwa mhandisi wiki hii? Mikono juu. Jamani, nimesema wanne.