Kutoka daku hadi magharibi: nani anaishika sukari ya damu?

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, assalaam alaykum. Na wenzetu wasio Waislamu, habari za jioni.

Ramadhani inakaribia, na kila mwaka wakati kama huu huulizwa swali lile lile: "Daktari, nina sukari, nifunge nisifunge?" Sitamjibu mtu hapa mbele ya watu, maana jibu hilo ni la kila mgonjwa na daktari wake. Ninachotaka ni tufahamu kwanza mwili wenye afya unafanya nini tangu daku mpaka adhana ya magharibi. Tukishalijua hilo, tutaona mwenye kisukari amekosa nini hasa.

Huku kwetu, karibu na ikweta, mfungo ni saa 13 na kidogo. Muda wote huo hakiingii kitu mdomoni, na bado sukari ya damu hubaki pale pale, baina ya milimoli 4 na 6 kwa lita. Sukari yote iliyomo katika damu ya mtu mzima ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: pasipo wa kujaza, ubongo ungeimaliza sukari hiyo kwa saa moja.

Anayejaza ni ini. Mfaransa Claude Bernard, katika karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba ini hutoa sukari na kuitia kwenye damu hata kama mnyama hakula sukari yoyote. Akiba yake, glaikojeni, ni kama gramu 100. Amri hutoka kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ukishakula daku, sukari hupanda, kongosho humwaga insulini, homoni (yaani mjumbe anayesafiri kwa damu) inayoishusha sukari, misuli huchukua sehemu yake na ini huweka akiba. Adhuhuri ikifika, insulini imepungua na homoni ya pili ya kongosho, glukagoni, imepata nguvu. Hapo ini hufungua akiba. Kuelekea alasiri huanza pia kutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini na mafuta, na misuli hugeukia kuchoma mafuta ili ubongo upate sukari yake.

Maji nayo yana mlinzi wake. Damu ikizidi chumvi kwa asilimia 1 tu, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutambua, hukutia kiu, na huachia homoni inayoziamuru figo zirudishe maji. Ndiyo maana mkojo wa alasiri huwa mchache na wa manjano iliyokolea.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo naliona zuri kuliko yote. Sukari ikishuka kupita kiasi, mwili hauiachii kongosho peke yake. Mwaka 1924, Mmarekani Walter Cannon na wenzake walichukua paka ambao moyo wao umekatiwa neva, yaani mishipa ya fahamu, kisha wakawapa insulini. Sukari iliposhuka, moyo ulianza kwenda mbio. Neva hazipo, basi nani ameuambia moyo? Ilikuwa homoni ya adrenalini, iliyosafiri ndani ya damu kutoka kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Na tezi hizo zenyewe zilikuwa zimeamrishwa na neva, kwa kuwa zilipokatiwa neva zao, mbio za moyo hazikuonekana tena. Ubongo hupeleka habari kwa neva mpaka kwenye tezi, tezi huimwaga homoni, na homoni huliamsha ini. Ni kazi moja, wafanyakazi wawili.

Kwa hiyo mgonjwa anaposema "nasikia mikono inatetemeka, moyo unapiga, jasho jembamba linanitoka", hayo ndiyo yanayoonekana nje ya mapambano ya ndani. Ni neva na adrenalini zinahangaika kuipandisha sukari. Tafadhalini msiyaite uchovu wa saumu.

Mwenye afya akifika alasiri, insulini yake hushuka yenyewe. Aliyejichoma sindano ya insulini hana uwezo huo. Dawa iliyokwisha ingia itafanya kazi, amekula hajala. Vidonge kama glibenklamidi navyo huliamrisha kongosho litoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Zaidi ya hapo, kwa wengi walioishi na kisukari miaka mingi, hasa wa sindano, glukagoni haiitikii tena ipasavyo, na adrenalini nayo huchelewa. Hao sukari huwashuka kimya kimya. Wanaotumia propranololi au atenololi kwa presha wasingoje kutetemeka wala moyo kwenda mbio, kwa sababu dawa hizo huzifunika dalili hizo. Jasho halifunikwi. Nawasihi mlishike hilo la jasho.

Basi anayefunga kwa ruhusa ya daktari apime sukari mchana, na mashekhe wengi wameshaeleza kwamba kuchoma kidole hakufunguzi. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue pale pale, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana. Anywe maji yenye vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari, au juisi ya matunda, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Mkimkuta ameshazimia, msimtie kitu mdomoni, wala asali wala maji. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mwambieni mhudumu wa kwanza mtakayemkuta mlangoni kwamba huyu ni mgonjwa wa kisukari na alikuwa amefunga.

Haya, mama pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mama.