Kiti cha Jumatatu: Mazungumzo na Familia za Wagonjwa wa Figo, Mombasa

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Figo ni kitu gani na hufeli kwa nini, daktari aliyenitangulia amewaeleza. Presha na sukari mmezisikia. Mimi ni muuguzi wa chumba cha mashine za kusafisha damu, na nimekuja na jambo lile lile ambalo wenzangu wamechoka kunisikia nikilisema. Mgonjwa asiyefika kwenye mashine msimwite mkaidi kabla hamjamuuliza mara ya mwisho alipokaa kwenye kile kiti ilikuwaje.

Viti hubaki wazi zaidi Jumatatu. Wagonjwa wetu wengi huja mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Kati ya Alhamisi na Jumatatu mna Ijumaa, mna arusi ya Jumamosi, mna wageni wa Jumapili. Siku tatu kamili bila mashine. Kule Marekani, ambako kawaida ni mara tatu kwa wiki, pengo refu ni siku mbili tu, na bado utafiti uliochapishwa 2011, wa wagonjwa zaidi ya 32,000, ulikuta vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo vinapanda siku inayofuata pengo hilo. Basi sisi tuna sababu zaidi ya kuishughulikia hiyo Jumatatu.

Nisikilizeni hapa sasa. Kulikuwa na mzee wa Likoni, fundi wa mashua, Jumatatu haji. Alhamisi akifika anagombezwa, anainamisha kichwa, anasema, "Nimesikia, mwanangu," na Jumatatu hayupo tena. Ikaitwa familia, nayo ikamgombeza. Hadi siku moja muuguzi kijana akaketi kando yake, akamuuliza, "Baba, hiyo Jumatatu huwa unaogopa nini?"

Mzee akajibu, "Miguu."

Uzito wake mkavu, yaani uzito wa mwili usio na maji ya ziada, ulikuwa kilo 70. Jumatatu akipanda mizani ni 75. Kilo 5 zile ni lita 5 za maji, na mashine ina saa 4 za kuyatoa. Wataalamu wengi wanashauri tusivuke mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Pigeni hesabu: kilo 70 ni kama mililita 900 kwa saa, kwa saa 4 ni lita 3 na nusu hivi. Ukilazimisha 5, maji yanatoka kwenye damu upesi kuliko mwili unavyoweza kuyarudishia. Presha inaporomoka. Mtu anatoka jasho baridi, anatapika, kisha misuli ya shavu la mguu inakaza kama jiwe, kidole gumba cha mguu kinapinda kuelekea juu, na mzee mwenye wajukuu analia mbele za watu. Akifika nyumbani analala hadi kesho. Jumatatu inayofuata anabaki kitandani, Alhamisi anakuja na maji ya wiki nzima, na mateso yanakuwa makubwa zaidi. Niambieni, huyo ni mkaidi? Hata mimi ningeogopa.

Kilichomrudisha kilianzia jikoni kwake. Mkewe alikuwa ameambiwa neno moja tu: apunguze maji. Jamani, kumwambia mtu apunguze maji na chumvi iko pale pale ni kumwonea! Gramu 8 za chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, zinadai mwilini karibu lita 1 ya maji, na kiu ya chumvi haishindwi kwa nasaha. Tukamwomba mama atutajie walichokula siku mbili zilizopita: ng'onda, achari ya embe, unga wa mchuzi wa pakiti, na jioni kachri za muhogo za barabarani. Yote chumvi.

Najua mtaniambia chakula bila chumvi hakiliki. Kinalika. Thomu ipo, tangawizi ipo, ndimu, bizari, pilipili manga, na ulimi huzoea baada ya wiki chache. Lakini ile chumvi mbadala inayosifiwa kwa wenye presha, msimpe. Aghalabu imetengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwa mgonjwa wa figo inaweza kusimamisha moyo. Madafu pia yana potasiamu nyingi, juu ya kuwa ni maji. Najua hapa Mombasa kumnyima mtu dafu ni jambo zito. Mnyimeni.

Basi mama akaondoa ng'onda na achari. Asubuhi akawa anajaza chupa ya nusu lita, anaongeza kiasi cha mkojo ambao mzee bado anautoa kwa siku, na hayo ndiyo maji ya siku nzima, chai, uji na mchuzi vikiwemo. Sisi upande wetu tukapunguza kasi ya kutoa maji, na pale yalipozidi tukamwongezea muda. Akaanza kuja na kilo 3, mara nyingine 2 na nusu. Miguu ikatulia, na Jumatatu akawa anafika mapema.

"Lakini sista, wakaidi kweli wapo." Huenda wapo. Utafiti mwingine, wa 2003, wa wagonjwa wa Marekani, Ulaya na Japani, ulionyesha kuwa kukosa hata kipindi kimoja kwa mwezi kuliendana na hatari ya kufa kupanda kwa takriban asilimia 30. Kwa hatari hiyo sitaki kuona neno "mkaidi" kwenye faili. Andika miguu, andika nauli, andika hofu, andika msiba. Hayo tunaweza kuyashughulikia.

Na wale wanaosema mashine ndiyo inayoua: Clyde Shields wa Seattle alianza kusafishwa damu 1960, mashine zikiwa bado ngeni kabisa, akaishi miaka 11.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nitakimbia. Nauli. Feri ya Likoni haimtozi mwenda kwa miguu, lakini matatu ya ng'ambo na ya huku, na boda ya kumrudisha mtu aliyechoka, na nauli ya anayemsindikiza, bima hailipi hata senti. Familia zipangiane zamu. Bima yenyewe, tangu SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ichukue nafasi ya mfuko wa bima wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Anzeni kuweka mapema, msingoje mgonjwa akwame mlangoni.

La mwisho, mkono wenye fistula, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine. Usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo, usibebe ndoo, usilaliwe. Kila asubuhi mgonjwa aweke vidole juu yake asikie ule mtetemo. Akiukosa, mleteni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.