Nukta ya Klee na taa za dagaa

Mwakeye, watu wangu wa Kigoma! Mama, najua unatazama hapo Ujiji, shikamoo.

Leo niko Bern, Uswisi. Jengo hili nyuma yangu, lenye mapaa kama mawimbi matatu ya Tanganyika, limehifadhi kazi kama 4,000 za mchoraji mmoja, Paul Klee. Kazaliwa kijiji cha jirani tu, mwaka 1879. Nimetoka ndani sasa hivi, moyo bado unanidunda.

Huyu mzee alikuwa mwalimu. Kuanzia 1921 alifundisha miaka 10 Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi kule Ujerumani. Unajua alianzia wapi na wanafunzi? Kwenye nukta. Nukta ikitembea inakuwa mstari, mstari nao ukisogea unakuwa bapa. Basi nimesimama mbele ya karatasi yenye mistari na nukta tu, nikaiona Kigoma! Usiku wa giza, mwezi haupo, uko mlimani unaangalia ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa. Huoni mtumbwi, huoni mtu, ni nukta tupu juu ya weusi. Wakianza kusogea, taa zinajipanga, mstari unazaliwa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo sanaa dhahania, ndugu zangu, na sisi tumekua nayo.

Mimi darasa la tano nilizichora taa zile kwenye daftari la hesabu. Nikachapwa. Sikushika penseli ya kuchorea tena mpaka nimefika huku, na inaniuma hadi leo.

Klee naye yalimkuta. Mwaka 1933 Manazi, waliotawala Ujerumani wakati huo, walimfukuza ualimu Düsseldorf, na 1937 wakazitundika kazi zake kwenye maonyesho ya kuidhihaki sanaa ya namna yake. Mwenyewe alikuwa kesharudi hapa Bern tangu ule mwaka 1933, kisha akaugua, ngozi ikawa inakakamaa. Lakini sikilizeni: 1939, mwaka mmoja kabla hajafa, alifanya kazi zaidi ya 1,200. Mkono mgonjwa ule!

Walimu wangu wa Kigoma, nawaomba. Kabla ya kumwambia mtoto achore kikombe, muulizeni jana usiku ziwani kaona nini, halafu mpeni mkaa.

Na wewe dada, mwanao anayechora ukutani, mwache. Desemba nakuja na karatasi. Nitakaa naye Kibirizi jioni, tusubiri taa ziwashwe.