Neutroni inapotea kwenye fimbo ya fueli, tuitafute

Haya karibuni tena, leo tunasaka kosa la jiometri kwenye fimbo moja ya fueli ya kinu cha nyuklia, natumia OpenMC, programu ya kompyuta inayofuatilia neutroni moja moja. Kufungua faili, materiali, hayo mnayajua, tunapita.

Cheki hapa. Kidonge cha urani nusu kipenyo chake 0.39, ganda la zirkoni linaanza 0.40 linaishia 0.46, boksi la maji upana 1.26, zote sentimita. Narani, yaani naiendesha programu... imekufa. Usiifunge hiyo meseji! Isome: chembe (neutroni yetu) imevuka uso namba 1, haikupatikana kwenye seli yoyote, seli ni kila eneo la jiometri ulilolifafanua. Zikipotea kumi inasimama. Uso namba 1 kwangu ni ukingo wa kidonge, kwa hiyo shida iko kati ya 0.39 na 0.40, kale kaupenyo ka heli. Watu wanakaruka kwa sababu "hapana kitu pale". Jamani, hata patupu pape seli yake, neutroni lazima kila saa iwe ndani ya seli fulani.

Sasa picha, na hapa naomba mnisikilize. Ukichora bando zima la fimbo 17 kwa 17 ni sentimita 21.42, ukaweka pikseli 400, pikseli moja inakula kama 0.05, na upenyo wetu ni 0.01. Hauonekani! Mimi siku mbili nzima nilikodolea picha safi kabisa nikijua jiometri iko sawa. Vuta karibu, upana 1.26, pikseli 1000. Na rangi zifuate seli, zisifuate materiali, maana ukifuata materiali patupu penye seli na pasipo na seli vyote vinatoka vyeupe. Narudia, vuta karibu, rangi kwa seli. Umeona hako kaduara keupe? Ndo kenyewe.

Naongeza seli: nje ya uso 1, ndani ya uso 2 (ukingo wa ndani wa ganda), heli. Narani tena. Eeh ngoja... bado zinapotea. Safari hii ni uso wa juu, namba 8. Aah nimeona, pande tano za boksi nimezipa mpaka wa kuakisi, unaoirudisha neutroni ndani, wa juu nimeuruka. Naweka... haya, inatembea.

Ila bado usiamini hiyo k, ile namba ya kuzidisha neutroni inayotoka mwishoni. Seli zikipandana chembe haipotei, programu inachukua seli ya kwanza inayoikuta halafu inakupa jibu lisilo sahihi bila kulalamika, na hilo ndo linaloniogopesha kuliko meseji yoyote nyekundu. Kwa hiyo rani na dashi g (-g), hali ya kukagua jiometri. Inakuwa nzito, vumilia, ikikuta seli mbili zimepandana inasimama na kukutajia namba zake. Ikimaliza salama shuka chini kabisa usome hesabu, seli iliyokaguliwa chini ya mara kumi hesabu kwamba hujaikagua. Mara nyingi inayobaki nyuma ni hii hii ya upenyo kwa vile ni nyembamba, kwa hiyo naongeza chembe, narani tena dashi g.