Kabla hujatoa pesa, kipindue: kuchagua kiti cha kale cha mbao

Assalaam aleikum, karibuni tena. Leo nipo Mji Mkongwe, Unguja, ndani ya duka la vitu vya kale, na mzee mwenye duka kaniruhusu nipindue kiti chochote ninachotaka. Ahsante sana mzee wangu. Natafuta kiti kimoja cha sebuleni, na wewe utanifuata hatua kwa hatua. Mkononi nina tochi, tepu ya kupimia, spana ya kukaza na kulegeza, na kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo.

Tuanze na kitambaa, kwa sababu kina kisa. Kiti changu cha kwanza "cha mpingo" nilikinunua kwa macho tu. Ijumaa nimerudi msikitini na kanzu yangu, nikakikalia, nikasinzia. Kuamka, mgongo mzima una mistari kama pundamilia. Kumbe mbao ya msonobari iliyopigwa rangi ya viatu! Kwa hiyo leo nafuta kwanza, sehemu isiyoonekana, nyuma ya mguu hapa. Tazama kitambaa: vumbi la kahawia, basi. Kikitoka cheusi, rudisha kiti mahali pake. Halafu kinyanyue. Mpingo ni mzito hata ukiutupa majini unazama, kwa hiyo kiti cha mpingo hakibebwi kwa vidole viwili.

Sasa hatua yenyewe. Kipindue, miguu juu. Juu ya kiti fundi hupiga vanishi, husugua msasa, hupamba. Chini hakuna anayehangaika napo, ndiyo maana chini ndiko kwenye ukweli.

Nasogeza tochi kutoka ubavuni, siyo moja kwa moja. Unaona hivi vibonde vidogo vidogo? Hiyo ni randa ya mkono. Ukikuta mistari iliyopinda kama upinde, yenye nafasi sawasawa, mbao imepasuliwa kwa msumeno wa duara wa mashine. Sisemi ni kibaya, nasema usilipie bei ya kiti cha babu wa babu. Angalia na skrubu. Hizi zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukiambiwa kiti kina miaka mia mbili na skrubu zote ni za msalaba, ama kimetengenezwa juzi, ama kimepita kwa mafundi wengi. Uliza kwa adabu: "Mzee, hiki kimewahi kukarabatiwa?" Mwenye duka mkweli atakwambia.

Kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Mguu wa mviringo, uliokerezwa. Naubana kwa spana mpaka spana iguse tu. Sasa, bila kukaza wala kulegeza, naizungusha robo. Imekwama! Mbao ikikauka miaka mingi hunywea, na hainywei sawa pande zote, kwa hiyo mguu uliotoka kwenye kerezo ukiwa duara kamili huzeeka ukiwa na umbo la yai, kwa tofauti ambayo jicho halioni. Mguu mpya spana inazunguka bila kukwama popote. Jaribu hata kwa viti vya nyumbani.

Kirudishe kisimame. Tafuta mahali palipolika. Mkono wa kiti huliwa pale kiganja kinapotua, na mbao ya mbele inayounganisha miguu huliwa na visigino. Nimeshaona kiti kilicholika nyuma ya egemeo, mahali ambapo hakuna mtu anayegusa. Hiyo ni kazi ya msasa.

Kitikise. Shika egemeo, sukuma mbele na nyuma. Kikilegea kwenye maungio usiogope. Ulimi ukitoka kwenye tundu lake, seremala anatia gundi mpya na kubana, kazi imekwisha. Ninachokikimbia ni ufa unaopita katikati ya mguu, na misumari iliyopigiliwa kuficha ufa huo.

Bungua sasa. Vitundu vyenye kingo nyeusi, vilivyojaa uchafu, mara nyingi ni vya zamani. Vyenye kingo safi, na unga mweupe ukidondoka ukigonga hivi, wadudu wamo. Kitandikie kitambaa cheusi usiku mmoja, asubuhi utajua. Kiti chenye bungua hai hakiingii nyumbani kwangu kabla ya dawa. Na mafuta ya taa siyo dawa, jamani. Yananukisha nyumba na yanashika moto.

Haya, hapa dukani nimeviona vya aina tatu. Hiki kirefu chenye njumu nyeupe, yaani mapambo yaliyopachikwa ndani ya mbao, ni kiti cha enzi, cha kuketi mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na hapa Unguja ndiko kwao. Egemeo limewambwa kwa nyuzi, na mbele kina pa kuwekea miguu. Angalia njumu kwa makini. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu haina, ina mistari myembamba inayokatana. Ikiwa ni pembe, usinunue ukaondoka nacho hivi hivi. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na mpakani hawatasikiliza hadithi ya urithi. Nakala nzuri za Lamu zinatosha.

Hiki chepesi cha mbao zilizopindwa ni mtindo wa Vienna. Fundi samani Michael Thonet alikitoa mwaka 1859, vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja kila upande. Tazama ndani ya duara la kikalio, jina la kiwanda hugongwa hapo au hubandikwa karatasi. Chunguza mipindo: mbao imepindwa kwa mvuke, ikivunjika hapo seremala wa mtaani hana la kufanya.

Na hiki, kipenzi changu, kiti cha uvivu. Mikono ya kiti ni mirefu, unainyoosha na kupumzishia miguu. Henzerani, zile fito nyembamba zilizosukwa, imechanika, lakini hilo ni jambo la kuwambwa upya tu.

Pima kabla ya bei. Cha mezani, kikalio kiwe sentimita 43 mpaka 46 kutoka sakafuni. Cha uvivu hulala chini zaidi, kwa hiyo kama nyumbani kuna bibi anayeumwa magoti, mkalishe kwanza. Na kama unaishi kwenye kiyoyozi, kiweke mbali nacho. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani hukauka ghafla ikapasuka.

"Mzee wangu, hiki cha uvivu, na henzerani imechanika hivi?"

"Mwanangu, mbao ni msaji huo. Henzerani nitakupunguzia."

Kanipunguzia. Anayewamba yupo vichochoro viwili kutoka hapa, ngoja nikibebe kabla jua halijawa kali.